Tanuri Lililomchelewesha Baba

Juzi nilikwenda Darajani kununua sufuria. Muuzaji akaigonga kwa kidole, akaniambia, "Aluminiamu safi hii, bibie." Nikainunua bila kubishana bei, mimi ambaye kwa kubishana sina mpinzani. Akili ilikuwa imeshahamia nyumbani kwetu Amani, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Baba alikuwa fundi wa kuchomea vyuma bandarini. Kazi ilipolegea akapata mkataba Msumbiji, kulikokuwa kukijengwa kiwanda kikubwa cha kuyeyusha aluminiamu. Mimi nilidhani anatengeneza masufuria, na skuli nzima niliitangazia hivyo. Kumbe alikuwa akiunga matanuri, safu ndefu ambayo, alituandikia, ukiitembea mwanzo hadi mwisho unafika na kiu.

Wakati huo dada alikuwa ameposwa, na mchumba wake alikuwa na safari ya Maskati isiyoweza kusogezwa. Baba aliahidi kuja kumuozesha mwenyewe. Nyumba ikaanza kunukia iliki na zafarani. Mimi na bibi tukasugua masufuria ya shughuli kwa makumbi ya nazi na majivu mpaka vidole vikachubuka, kazi niliyoichukia kupita zote.

Siku mbili kabla ya ndoa, jirani mwenye simu akatuita.

"Nshaomba ruhusa mara tatu," baba alimwambia mama. "Matanuri yanawashwa wiki hii. Yakishawashwa hayazimwi, yakipoa kilichomo kinaganda, yanaharibika. Hawamwachii mtu."

Bibi akasema jambo la kheri halicheleweshwi. Basi baba akamfanya ami, mdogo wake, wakala wake wa kuozesha, kwa simu ile ile, mashahidi wawili wakipokezana kusikiliza.

Siku ya ndoa sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia la ukumbi. Ami alisema vizuri, bila kukwama: "Nakuozesha binti wa kaka yangu, kwa uwakala alionipa." Dada akauma ncha ya kanga. Ndoa ilisihi kisheria, halua ikaliwa, kahawa ikanywewa. Lakini dada alitaka kusikia "binti yangu", na hata kwa udogo wangu nilimwonea huruma.

Baba alirudi baada ya miezi minne. Alikula, kisha akamuuliza mama, neno kwa neno, ami alisema nini. Mama akamwambia. Akanawa mikono, akaenda kujilaza, naye hakuwa mtu wa kulala mchana.

Ukumbi ule haupo tena, pamejengwa maduka. Bibi na baba wote wameshatangulia mbele ya haki, na makumbi sijui kama kuna anayeyasugulia sufuria siku hizi. Lakini mimi niliwahi kuozeshwa pale, na baba alikuwepo.

"Nakuozesha binti yangu," alisema. Halafu, kabla bwana harusi hajajibu, akarudia polepole, "Binti yangu."

"Mara moja yatosha, mzee," sheikh akamwambia.

"Naam, sheikh, najua. Hiyo ya pili ya dada yake."

Dada alikuwa nami nyuma ya pazia, mwanawe mapajani. Akalia kwa sauti mbele za watu, na hakuna aliyemnyamazisha.