Siku Niliyokula Mbele ya Mkwe

Kwetu Mkumbi na kwao mke wangu Liuli tunatofautiana mengi. Sisi ni watu wa mlimani, wa kahawa na ugali wa mahindi. Wao ni watu wa ziwani, ugali wao ni wa muhogo, na siku ambayo hakuna samaki hawahesabu kwamba wamekula. Sisi Wakatoliki, wao Waanglikana. Lakini jambo moja halikutusumbua hata wakati wa posa, maana pande zote mbili tulilelewa nalo: mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ukifika kwao unachuchumaa mbali, unasalimia ukiangalia chini, na chakula unaletewa mahali ambapo yeye hayupo. Vijana wa Mbinga mjini siku hizi wanalicheka jambo hili. Kwenye harusi zao wanalishana keki na wakwe huku wanapigwa picha. Nami nilikuwa nacheka nao.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli ya kitalii. Haikuwa kubwa, ilibeba wageni ishirini hivi, lakini ukiingia chumba cha chakula ungesahau kama uko Ziwa Nyasa. Vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe, glasi tatu kwa kila mtu, uma za kila saizi. Chakula kilikuja kidogo kidogo, sahani tano kwa mlo mmoja, na katikati ya sahani pana unakuta kipande cha samaki ambacho kwetu mtu angedhani ni cha kuonja chumvi. Mimi nilivaa shati jeupe, kizibao cheusi na glovu. Nilianza kwa kuosha vyombo nikapanda, na nilijiona nimepanda kweli.

Sheria yetu kubwa ilikuwa moja. Kwa mgeni, neno hapana halipo. Akitaka kitu unasema, "Kwa furaha," kisha unakwenda kuhangaika nacho jikoni. Nilijifunza vizuri sana. Nilijifunza mpaka likanikaa mwilini, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Maana msimu uliotangulia, wakati wa kuchuma kahawa, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa akichuma peke yake. Mimba ikatoka. Nilipigiwa simu nikiwa Mbamba Bay, asubuhi ambayo wageni wapya walikuwa wanapanda. Sikuomba ruhusa. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu nimewahi kuwaambia watu kwamba niliomba nikakataliwa. Sikuomba. Nilijiambia nitaomba wageni wakishuka, na wageni walikaa siku nane. Nilipofika Mkumbi nilikuta kufuli mlangoni. Kaka yake alikuwa amekuja kumchukua.

Baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mshenga wetu tangu posa, akateremka Liuli mara mbili kumwombea arudi. Mara zote mbili mama mkwe alimjibu kwa upole: "Tumesikia, baba. Tunaangalia." Mke wangu mwenyewe alikuwa anapokea simu zangu, na huo ndio uliokuwa mlango pekee uliobaki wazi. Basi nikawa nampigia na kumjaza maneno. Nikamwambia kazi imekuwa nzuri, mimi sasa ni mkubwa pale, hakuna wa kuniamuru, nikisema nakwenda nyumbani nakwenda. Akasema, "Sawa, nimesikia." Nilifurahi. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kusikia neno akataka kwenda kulitazama.

Meli ilikuwa na utaratibu wake kila bandari. Mbamba Bay wageni walipelekwa sokoni na ufukweni. Ngumbo walioneshwa mitumbwi ikichongwa na dagaa wakianikwa, wakauliza maswali mengi kuhusu harufu. Liuli walitembezwa kanisani na hospitali ya zamani, halafu wakarudi melini na wazee wawili wa kijiji, waalikwa wa chakula cha mchana. Wageni walipenda sana jambo hilo la kula na wenyeji. Kijiji ndicho kilichochagua nani aje, sisi tuliletewa tu.

Siku hiyo nilikuwa nakunja vitambaa nikaona boti ndogo inakuja. Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, ninamfahamu kwa sura, na pembeni yake mwanamke aliyejifunga kanga mpya, viatu vya Jumapili ameviweka mapajani visilowe. Nilimjua kabla hajainua uso. Nilimjua kwa namna alivyoshika viatu.

Nikamkimbilia msimamizi wetu, dada mmoja wa Tanga, mchapakazi, si mtu mbaya. Nikamwambia, "Dada, naomba leo nisihudumie. Tumbo linanisumbua."

Ningeweza kumwambia kweli. Watu wa Tanga nao wana wakwe, angenielewa kwa neno moja. Lakini niliona aibu kusema kwamba mimi, na glovu zangu, namkimbia mama wa watu kwa sababu ya mila za kijijini.

"Mwenzako yuko kitandani na malaria," akanijibu. "Na wewe ndiye unayejua lugha za huku, nani atatafsiri? Kunywa maji ya moto, uingie."

Nikaingia. Nilimwekea mama mkwe wangu kitambaa bila kukigusa kiti chake, nikamsalimia nikiangalia sakafu. "Shikamoo mama." Akaitika kwa sauti ndogo, uso ameuelekeza kwenye kioo cha dirisha. Mezani walikuwa na wageni wanne. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu aliyestaafu ualimu, mpole kuliko wote niliowahi kuwahudumia, mtu wa kukuuliza jina na kulikumbuka kesho yake.

Mzee wa kanisa alikula. Supu alikunywa, mkate akamaliza, na samaki alipokuja, mbasa aliyenunuliwa asubuhi ile pale pale ufukweni kwao, akamgeuza kwa uma akauliza kwa Kinyasa, "Kichwa kimekwenda wapi?" Wageni wakataka kujua amesema nini. Nikawaambia anasifu samaki.

Mama mkwe hakugusa kitu. Sahani ya kwanza niliiondoa kama nilivyoileta, ya pili hivyo hivyo. Kisha akamwinamia mzee na kusema, si kwa siri, alisema ili nisikie: "Kaka, mwambie huyo kijana asimame nje ya mlango. Akitoka nitakula."

Mzee akamjibu kwa utani, huku anatafuna, "Mama, huku ni majini. Mambo ya nchi kavu tuyaache nchi kavu."

"Mwambie tu," akasema.

Mzee hakuwa na haja ya kuniambia, nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilipewa njia, na njia yenyewe ilikuwa nyepesi: kutoka nje ya mlango, basi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama msimamizi, macho kwangu, na mchuzi wa limao ulikuwa mkononi mwangu ukisubiri kumiminwa. Na yule mama wa Kizungu akaniuliza, "Anasemaje? Chakula hakimpendezi?"

Nikasema, "Anaona haya kidogo, mama."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Yule mama akasikitika sana. Akasogeza kiti kilichokuwa tupu, karibu kabisa na mama mkwe, akakipigapiga kwa kiganja. Akasema basi nikae, nile naye, mimi ni mtu wa kwao, akiniona nakula hataogopa tena. Alisema kwa huruma. Sijawahi kumkasirikia yule mama, na nimejaribu.

Nikamtazama msimamizi. Akatikisa kichwa kukubali. Nikakaa.

Nikiri na jambo jingine. Kwa muda mfupi nilipenda kukaa. Miaka miwili nilikuwa nimezizunguka meza zile, na mgongo wa kiti kile ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nikavua glovu. Mwenzangu wa jikoni akaniletea sahani, nikachukua uma wa samaki, uma sahihi, nao wakafurahi kuona ninaujua, nikakata kipande nikatia mdomoni. Mama mkwe akavuta kanga akajifunika kichwa na uso wote, akageukia kioo. Mzee wa kanisa akaacha kutafuna. Mgeni mmoja akapiga picha. Nikameza, nikakata kipande cha pili kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Wageni waliamini kwamba amechoka na mawimbi. Tulipomsindikiza kwenye boti hakupokea mfuko wa zawadi. Alikaa amenipa mgongo mpaka boti ikafika mchangani, na viatu vyake safari hii aliviacha vikalowa.

Jioni nilimpigia mke wangu. Simu iliita mpaka ikakatika, na kesho yake vile vile.

Mvua za kwanza zilipoanza meli ikapumzika. Nikapanda Mkumbi kumchukua baba mdogo na jogoo mmoja mkubwa, maana kosa kama lile lina namna yake ya kuondolewa: unaleta kuku, mshenga anaongea, wewe unanyamaza. Njia nzima ya kuteremkia ziwani nilikuwa nimemkumbatia yule jogoo ndani ya gari, na baba mdogo akawa ananitania kwamba angalau huyu simwachi. Sikucheka.

Tulipofika, nilichuchumaa chini ya ukingo wa paa la jiko, mbali na mlango wa nyumba kubwa. Baba mdogo akakaribishwa kwenye kigoda kizingitini. Mama mkwe alikuwa ndani, simwoni, nasikia sauti. Mke wangu alitoka akatuwekea maji ya kunywa. Alikuwa amekonda. Alinitazama mara moja, na sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu, nikatamani ingekuwa hasira.

Baba mdogo akaeleza tulichojia. Akasema mtoto amekosa, kazi za watu zina amri zake, ameleta kuku, anaomba mke wake. Alisema vizuri, yeye ni fundi wa hayo. Mama mkwe akaongea kutoka ndani, akimwambia yeye, wala si mimi.

"Kuku tumepokea, baba, na la mezani limekwisha. Lakini nikueleze kwa nini nilikwenda kwenye ile meli. Hawakunichagua mimi, walimchagua jirani. Mimi ndiye niliyemwomba aniachie nafasi, kwa sababu mwanangu aliniomba. Alisema, mama, nenda ukamwone, anasema siku hizi ni mtu mkubwa, hakuna anayemwamuru. Ukiridhika nirudi kwangu. Asubuhi ile nilimfungia nguo zake kwa mikono yangu. Nilijua mkwe wangu akiniona atajificha, au atasimama aseme, huyu ni mama yangu, mimi siwezi. Chochote kati ya hayo kingenitosha. Begi lilikuwa pale mlangoni ulipokaa."

Baba mdogo akajisogeza kwenye kigoda.

"Nikampa na njia ya kutoka. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Akaambiwa kaa, akakaa. Akaambiwa kula, akala. Mwanangu alipokuwa anavuja damu kule mlimani aliambiwa wageni wanapanda, akabaki. Sasa mimi mama yake najiuliza, siku akiambiwa na watu wake mwache huyu mwanamke, atafanyaje? Atauliza amwache wapi. Kuku asante. Mwanangu atabaki hapa."

Haikuwa zamu yangu kusema. Nilitazama jogoo aliyekuwa amefungwa miguu kando ya kinu. Nilitaka kulia na sikuweza, kwa sababu mke wangu alikuwa jikoni nyuma yangu na angesikia.

Baada ya muda akatoka na sinia. Mtu hafukuzwi na njaa katika nyumba ile, hata mtu kama mimi. Ugali wa muhogo ulikuwa unatoa mvuke, na mbasa mzima amepikwa kwa nyanya. Akatunawisha mikono, baba mdogo kwanza, kisha mimi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akarudi jikoni.

Ndipo nikasikia miguu ya mama mkwe ikitembea ndani kwa ndani kuja mlangoni. Mkono ukatokea, mkono tu, ukavuta mlango, komeo likaingia taratibu, ili mimi nile.

Baba mdogo akamega tonge. Sinia lilikuwa limewekwa sawasawa kama anavyowekewa mkwe, na kichwa cha samaki kilikuwa upande wangu.