Kiti Nyuma ya Dereva

Siongezi chumvi hata punje. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nikiwa nimekula na nimelala vizuri, bila homa wala kizunguzungu. Nasema mapema kwa sababu najua utauliza. Wote huuliza. Ukimaliza kusoma ukaamua kwamba nilipigwa na jua, sitagombana nawe. Garissa jua tunalo la kutosha.

Kisa chenyewe kinahusu gari letu. Ni gari la familia, la mtumba, la viti saba: viwili mbele, viwili katikati, vitatu nyuma, na mlango wa ubavuni wa kuteleza. Baba alilinunua likiwa limekwisha kuzeeka. Mlango ule haufunguki mpaka uuinue kidogo kwa goti ndipo uuvute. Asiyejua atavuta mpaka jioni. Kwenye mchanga mzito lilikuwa likichemka. Lakini halikuwahi kutulaza njiani. Sisi watoto tuliliita Ayeeyo, yaani nyanya, maana lililalamika safari nzima na bado likafika.

Baba alikuwa mtu wa Masalani, kando ya mto, na Kiswahili ndiyo lugha yake. Mama yetu, Hooyo, alikuwa Msomali wa Eldas, na Kiswahili alijifunza kwa Baba. Herufi v haikukubali kinywani mwake. Viazi kwake vilikuwa fiazi, vitabu fitabu, viti fiti. Kabla ya safari yoyote aligeuka kutazama nyuma akauliza, "Fiti?" Maana yake: viti vyote vina watu? Watoto wote wamo? Baba alicheka, akapiga usukani na kujibu, "Fiti kabisa! Injini fiti, breki fiti!" Nasi tukapiga kelele, "Fiti!" Ukawa mchezo wetu. Miaka ikapita, swali likawa kama salamu, mtu analijibu bila kufikiri. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Naomba ulikumbuke neno hilo.

Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, msichana, na nyuma yangu wako wanne: wavulana watatu na Sahra, kitinda mimba. Baba alikuwa amenifundisha kuendesha kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Basi niliacha shule nikashika usukani. Nilibeba kina mama kwenda harusini, wauza maziwa ya ngamia alfajiri, watoto wa madrasa alasiri. Wanawake walinipenda kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Ayeeyo akatulisha.

Kisha Hooyo akaugua. Tulikuwa Masalani kwa jamaa za Baba, na hali yake ikabadilika ghafla, ikabidi tumkimbize hospitali Garissa. Nilikilaza kiti kilichokuwa nyuma yangu, nikamweka hapo na kumfunga mkanda. Watoto wote wakaja, maana nani angekubali kubaki? Kabla ya kufika Bura tulizama mchangani na gari likachemka. Wote wakashuka. Wavulana walisukuma, mimi nikamwaga maji kwenye rejeta, na Hooyo alikuwa akipumua kama mtu anayepanda kilima. Injini iliposhika nikapiga kelele, "Ingieni! Ingieni!" Mlango ukabamizwa. Nikatazama mshale wa joto: umeshuka. Nyuma yangu Hooyo akauliza kwa sauti ndogo, "Fiti?"

"Fiti, Hooyo," nikamjibu. "Fiti kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho.

Sahra hakuwemo. Alikuwa amekwenda nyuma ya kichaka kujisaidia. Wavulana walidhani yuko mbele na mimi, amejikunyata chini kama alivyopenda. Mimi nilidhani amelala nyuma. Nilijua tulipofika hospitali, nilipofungua mlango na kuwahesabu. Na Hooyo alikuwa ameshatutoka.

Umewahi kusimama mahali usijue ulilie nini kwanza?

Watu walirudi njia nzima usiku ule na tochi, wasimpate. Kumbe wachunga ngamia walikuwa wamemkuta saa ya magharibi, anatembea katikati ya alama za magurudumu yetu, anatufuata kwa miguu, mtoto wa miaka mitano. Walimlaza kambini kwao, wakamleta kesho yake adhuhuri. Hooyo tulikuwa tumemzika asubuhi, kama dini inavyotaka. Sahra hakumwona.

Tangu siku hiyo hakupanda gari, si letu tu, gari lolote. Na mimi sikumwambia mtu kwamba Hooyo aliuliza. Nilifungua boliti nne za kile kiti kwa spana, nikakitoa, nikakitupa juu ya paa la jiko. Nilidhani kiti ndicho kilichokuwa kikiniumiza.

Miezi mitatu baadaye niliamua kuliuza gari. Abti, kaka yake Hooyo, alikuwa amekwisha kusema: gari likiuzwa, nyumba haina mlezi. Sahra atakwenda kwake Eldas, wavulana watakwenda Masalani. Tungekuwa tumetawanyika, labda mpaka tuzeeke. Nilijua hayo yote. Lakini kila abiria aliyeweka mguu ndani aliniuliza, "Gari iko fiti?" na kila mara moyo wangu ulikatika mahali pale pale. Nilichoka kuulizwa.

Ijumaa ile nililiegesha chini ya mgunga karibu na soko la mifugo, nikabandika karatasi kiooni: INAUZWA. Madalali wakalizunguka. Mmoja, mzee mwenye ndevu za hina, akaingiza kichwa ndani.

"Abaayo, dada yangu, nusu ya gari ilienda wabi?"

"Kiti kimoja nimekitoa."

"Gari bila kiti ni ngamia bila nundu. Inatembea, lakini watu wanacheka." Akawageukia wenzake. "Wallahi gari iko fiti, lakini fiti moja haiko!"

Wakaangua kicheko. Masikini, hakujua alichosema.

"Inachemsha?" akaniuliza.

"Kwenye mchanga mzito, ndiyo. Na mlango una ukaidi."

"Ai, abaayo! Wewe unauza ama unashtaki?"

Adhana ikaita. Wakaniacha, wakaenda msikitini wakiendelea kucheka. Soko likawa tupu. Hata mbuzi waliobaki walinyamaza kivulini.

Ndipo alipokuja yule mwanamke. Alivaa jilbabu la rangi ya vumbi, uso umefunikwa, macho tu yanaonekana. Alinisalimu, nikaitikia. Hakuuliza bei. Alikwenda moja kwa moja ubavuni mwa gari, akainua mlango kwa goti, akauvuta. Ukafunguka.

Nilipaswa kushtuka hapo. Sikushtuka. Unajua kwa nini? Kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimeuona mlango ule ukifunguliwa hivyo hivyo. Mazoea hayashtui mtu.

"Linachemka mchangani, mama," nikamwambia. "Sitaki kukudanganya."

"Twende kidogo," akasema.

Alipokuwa akipanda alishika ukingo wa mlango, nikaziona kucha zake. Hina ilikuwa imekua mpaka nusu: ncha nyekundu, shina jeupe. Hooyo alipaka hina ya Idi, na siku aliyofariki kucha zake zilikuwa zimefika hapo hapo. Lakini nikajiambia, wanawake wangapi wana hina mji huu?

Nikawasha, nikashika barabara ya kuelekea Masalani. Sijui kwa nini niliichagua hiyo. Niliinua macho kwenye kioo nikayaona ya kwake, yametulia, yananitazama kutoka pale pale ambapo Hooyo alikuwa akinitazama. Niamini, nilifarijika. Kwa mara ya kwanza tangu msiba mabega yangu yalishuka. Tulikwenda hivyo mpaka nyumba za mwisho zikabaki nyuma yetu, kimya, kama watu waliozoeana.

Kisha nikakumbuka kwamba hapo hapana kiti.

Nyuma yangu palikuwa na mkeka na matundu manne ya boliti. Mtu akiketi sakafuni, kioo changu hakimwoni. Kinaonyesha dirisha tu. Yeye alikuwa juu, kwenye kimo cha kiti, ameegemea kidogo, kichwa kimelala upande. Ameegemea nini? Ameketi juu ya nini? Nilitaka kusoma Ayatul Kursi, ulimi ukakataa hata bismillahi.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Fiti?"

Macho yangu yalikimbilia mshale wa joto yenyewe. Ulikuwa chini. Injini ilinguruma vizuri. Na kinywa changu, wallahi, kilikuwa kimeshafunguka kulitoa jibu lile lile. Lilikuwa tayari kwenye meno. Angesema Alhamdulillahi, angeondoka ameridhika mara ya pili. Gari lingeuzwa, Sahra angekwenda Eldas, na hakuna mtu duniani angejua nilimjibu nini mama yangu anakufa.

"Hapana, Hooyo," nikasema. "Moja iko wazi. Ya Sahra. Ilikuwa wazi hata siku ile."

Nilikuwa nalia, barabara siioni.

"Rudi, hooyo," akasema.

Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lake yeye mwenyewe. Mtoto humwita hooyo, naye humjibu mtoto hooyo. Mwanamke yeyote wa makamo angeweza kuniita hivyo, najua. Lakini mtu huijua sauti iliyomwamsha kila alfajiri. Hata wewe ungeijua.

Nikakanyaga breki, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, mlango ambao ukifungwa husikika mtaa mzima. Kitu kimoja tu kilikuwa kikitembea humo ndani: mkanda wa kile kiti nisichokuwa nacho. Ulikuwa umevutwa nje urefu wa mtu mzima, na sasa ulirudi ndani ya ukuta wa gari taratibu, kama unaoachiliwa na mkono.

Sheikh wa mtaa wetu aliniambia wafu hawarudi. Alisema niliyemwona ni qarini, jini anayekaa na mtu maisha yake yote akaijua sauti yake, na akanipa aya za kusoma. Nazisoma. Sibishani na elimu. Lakini jini wa nini atanituma nikaseme ukweli?

Kwa maana niliusema. Nilirudi nyumbani nikamkuta Sahra mlangoni anapepeta mchele. Nikaketi chini, nikamweleza yote: kwamba Hooyo aliuliza kama yumo, nami nikajibu nikiwa nafikiria injini.

Aliweka ungo chini. "Kwa hiyo hakujua kwamba sikuwepo?"

"Hakujua."

"Alisema nini ulipomjibu?"

"Alisema Alhamdulillahi."

"Mimi nilikuwa naita," akasema. "Nilikuwa naita, na yeye anasema Alhamdulillahi." Kisha akalia, kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu msiba, na nilipomgusa akaniondoa mkono.

Sikuliuza gari. Nilipanda juu ya paa, nikakiteremsha kiti kimejaa vumbi na vinyesi vya kunguru, nikakiosha, nikakifunga kwa boliti zake nne. Abti alikuja, akapiga kelele, akaona nimeshika spana, akanywa chai, akaondoka. Tuko watano bado, nyumba moja.

Lakini usidhani mambo yaliisha vizuri. Umepita mwaka, na Sahra hajapanda. Kila asubuhi yeye hutembea kwenda shule kando ya barabara na mkoba wake, nami humfuata nyuma kwa gia ya kwanza, mlango wa ubavuni umeachwa wazi. Wenye magari hunipigia honi. Madalali wa soko hucheka: "Abaayo, siku hisi unachunga mtoto kama mbuzi?" Mwendo ule huchemsha injini, basi natembea na mtungi wa maji. Kabla hatujaondoka nyumbani, wavulana huuliza, "Fiti?" kwa sababu niliwaambia wasiache kuuliza. Nami hujibu kila siku jibu moja: "Hapana. Moja iko wazi."

Hooyo hakurudi tena. Kioo changu kinaonyesha kiti kitupu. Mara nyingi napita barabara ile saa ya swala ya Ijumaa, soko likiwa tupu, naendesha polepole. Gari hilo ningelitoa bure, na usukani wake, ili niulizwe mara moja tu zaidi.

Basi wewe unayetaka gari la familia la mtumba, kagua injini, kagua rejeta, piga teke magurudumu. Lakini hesabu na viti, na kikikosekana kimoja, muulize muuzaji nani aliketi pale kabla hujatoa pesa. Na ukiwa umebeba watu wako, ukaulizwa kama mko sawa, usitazame mshale. Geuka. Hesabu vichwa kimoja kimoja, hata kama una haraka, hata kama unajua. Anayeuliza huenda anauliza kwa mara ya mwisho, na atalala na jibu lako.