Oda ya Kuku Arobaini

Orodha niliiandika mwenyewe, vipengele ishirini na sita, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kusifiwa mwandiko. Kikundi chetu cha wafugaji wa kuku wa kienyeji kilikuwa kinajengewa duka la mtandaoni. Kwa kuwa mimi ndiye katibu na ninakaa Singida mjini, nikapewa kazi ya kukagua kama fundi wa Dodoma ametimiza yote tuliyokubaliana. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Nikishasaini, kitakachokosekana ni shauri letu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara mbili. Kwa hiyo Alhamisi ile nilijaribu kitu kimoja kimoja. Picha zinafunguka? Tiki. Kikapu kinajumlisha? Tiki. Kipengele cha kumi na tano kilisema oda ya kuku thelathini na zaidi ipewe bei ya jumla, nami nikaagiza kuku arobaini, oda ya majaribio. Duka likaniuliza namtaka mfugaji gani na kuku wachukuliwe lini. Nikamchagua mama mdogo wangu wa Mungaa, kwa sababu jina lake ndilo lilikuwa la kwanza, nikajaza kesho yake. Kipengele kilichofuata: mfugaji apate ujumbe kwenye simu. Skrini ikaandika "Ujumbe umetumwa." Tiki. Kingine: mteja aweze kughairi. Nikabonyeza, ikaandika "Oda imeghairiwa." Tiki. Nikamtumia fundi orodha yenye tiki zote, nikanywa chai kwa raha zangu.

Asubuhi ya Ijumaa napiga mswaki, swali likanijia mdomo umejaa povu. Duka lilimwambia mama mdogo kwamba kuna oda. Je, lilimwambia pia kwamba imeghairiwa?

Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Simu yake ndogo ya vibonye huichajisha dukani kwa mwenye sola, na ikishaenda huko hurudi anapokumbuka. Nilijiambia labda hata ujumbe hakuusoma. Lakini namjua. Huyu ni mtu aliyewahi kumtembelea mgonjwa huku mvua inanyesha kwa sababu tu alisema atakuja. Na banda lake halikuwa na kuku arobaini. Lilikuwa na ishirini na kitu. Waliobaki angewatoa wapi kama si kwa majirani, kwa dhamana ya mdomo wake? Na majirani hao ndio waliokuwa wakimcheka kwamba kuku hawauzwi kwenye simu. Nilichotaka ni kumfikia kabla hajaanza kuzunguka nyumba za watu.

Nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa nampigia, na njia nzima mwenye pikipiki alinisihi niishike simu vizuri isianguke. Nilimjibu vibaya, naye hakuwa na kosa.

Nilipofika nikayaona kabla sijashuka: matenga matatu uani, yamejaa kuku, yamefungwa kwa kamba mpya. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, utanisaidia kupakia. Huyo mwenye gari yuko wapi?"

Nikaomba maji kwanza. Uoga tu, kiu sikuwa nayo. Yeye akaendelea kunieleza kwa furaha: ishirini na sita ni wake, kumi na wanne ameazima nyumba tatu za jirani, akawakamata wote jana jioni wakiwa wanapanda kulala, maana mchana hawakamatiki.

"Ilifika thelathini na tisa, ikagoma hapo," akasema. "Nikamtoa na yule anayeatamia. Mtu akisema arobaini, humpelekei thelathini na tisa."

"Mama mdogo, hakuna mteja."

"Amechelewa?"

"Hayupo. Ni mimi niliyeagiza. Nilikuwa najaribu duka."

Alinitazama kama anasubiri nimalizie. Kisha akainama, akafungua tenga la katikati, akamtoa yule kuku kwa mikono miwili na kumpeleka kwenye kiota chake pembeni ya jiko. Nikamfuata. Mayai kumi na mawili, siku ya kumi na tisa. Yalikuwa yamelala usiku mzima bila mama yao, na usiku wa Singida mnaujua ulivyo na upepo. Aliligusa moja, akaliweka sikioni, akasikiliza. Akalirudisha, akachukua la pili. Nilitamani anitukane.

Majirani tuliwarudishia pamoja, mimi nimebeba tenga kichwani. Nyumba zote tatu alisema neno moja: mteja amepata dharura. Hakunitaja. Kwenye nyumba ya mwisho baba mmoja alicheka sana, akamwambia, "Si tulikwambia?" Mama mdogo naye akacheka, nami nikaangalia chini.

Saa tisa na nusu fundi akanipigia akitaka saini. Nikamwambia sisaini, mfugaji hajulishwi oda ikighairiwa.

"Lakini umeshaweka tiki," akasema, kwa upole kabisa. "Na dada, hicho unachosema hakimo kwenye orodha yako. Umeandika mteja aweze kughairi. Anaweza."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma. Katika vipengele ishirini na sita nilimfikiria mteja kila mahali, mfugaji mara moja tu. Nilimsihi fundi, akakubali kuongeza.

Baada ya siku tatu mama mdogo alipiga simu. Nikadakia: "Vipi mayai?"

"Kwanza salimia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Yametotolewa mawili. Mengine nimeyafukia."

Nikamwomba msamaha, sijui ni mara ya ngapi. Kisha nikamuuliza kama niliondoe jina lake dukani.

"Liache," akasema. "Ila oda ikija sitakamata kuku. Nitakupigia kwanza, uniambie kwa mdomo wako kama huyo ni mtu."