Banda Lisilo na Paa

Jana nilipita, mtoto mgongoni, mahali wanapokanda udongo na mavi ya ng'ombe. Ile harufu ikanijaza hasira.

Nilikuwa mdogo, kule kijijini kwetu Bugendana. Mama na mi tulijenga banda la kuku kabla mvua na baridi havijaanza. Kuku mmoja na vifaranga vyake ndiyo mali pekee Mama aliyokuwa nayo. Kuta tulisuka kwa fito na kusiliba wenyewe kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nyasi za paa tukakata. Zikabaki chini, maana kwetu mwanamke akipanda paa, wanasema anamtakia mumewe kifo.

"Bon, haya, nitaezeka kesho," Baba alisema kila siku, akaenda kwenye pombe yake ya ndizi.

"Mama, wacha mi nipande," nilisema, mguu mmoja uko juu ya ukuta. "Mi sina bwana!"

"Shuka, we! Watasema nimekutuma."

Mvua ya mawe ilitukuta shambani. Tulirudi mbio. Kuku alikuwa amekufa, mabawa yametandazwa juu ya vifaranga, navyo vimekufa chini yake.

Mama alimnyonyoa, akampika, akamwekea Baba pamoja na firigisi, sehemu ya mwanaume. Baba akala peke yake.

"Iko na chumvi kidogo mno," alisema.

Mama akasimama, akaenda kuleta chumvi.