Udongo wa Mbooni Chini ya Bahari

Kazi yangu ni kuchekecha matope. Tunayachota chini ya bahari, pale Mto Athi unapoishia ukiwa na jina lingine, sehemu zilezile kila msimu, kisha nahesabu wanyama waliobaki kwenye chekeche. Miaka ya ukame maji hukaa safi, nami hupata kombe wadogo na kaa. Mvua kubwa ikinyesha bara, udongo unashuka na kuwafunika. Wanaorudi kwanza ni minyoo, wembamba kama uzi. Kombe huhitaji miaka, na siku hizi hawapewi hiyo miaka.

Mimi ni mtu wa Mbooni. Shamba letu limening'inia mlimani, na kinachoshikilia udongo ni matuta ya fanya-juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Huchimbwa na mwethya, majirani wanaofanya kazi kwa zamu, shamba hadi shamba. Nyumba isiyotoa mtu na jembe, shamba lake linarukwa. Mama goti lilikuwa limemkataa, na mtoto wake ni mimi peke yangu.

Ukame ulikuwa msimu wa tatu aliponipigia simu.

"Mwethya inaanza wiki ijayo. Utakuja?"

"Mama, mvua yenyewe haiko. Hayo matuta ni ya kuzuia nini?"

Akasema sawa. Nilikuwa na rafu nzima ya chupa za matope zilizonionyesha kwamba kiangazi kirefu hakizuii mafuriko kuja, na bado nikamjibu hivyo. Upumbavu ule unaniuma hadi leo.

Mvua ikaja yote kwa wiki mbili. Chekeche langu likatoa minyoo watupu na matope mekundu. Siwezi kuapa yalikuwa ya kwetu, maana Athi huchota kwa wengi. Lakini niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani.

Mashamba ya majirani yalikuwa yamechubuka tu. Letu lilikuwa limebaki mawe. Mama alikuwa mlangoni, analitazama.

"Huo udongo umeuona huko chini?"

"Nafikiri nimeuona."

"Unaweza kurudishwa?"

"Hapana, Mama."

Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliingia jikoni, akatoa ndengu alizokuwa amezihifadhi kwenye majivu kwa ajili ya kupanda. Akaziosha mara mbili, majivu yakatoka, akazibandika motoni. Tukazila zote.