Tarumbeta la Saa Kumi

Ugomvi wa wazazi wangu umenizidi umri kwa miaka miwili. Ulianza kabla hawajaoana, nje ya geti la kambi ya jeshi iliyo pembeni ya mji wetu wa Morogoro, na mpaka mwaka huu, wote wawili wakiwa na magoti mabovu, ulikuwa haujaisha. Walibishana juu ya jambo moja tu: siku ile, nani alisimama kwa ajili ya nani.

Kwa asiyejua, tarumbeta la kambi likilia saa kumi na mbili jioni, bendera inashushwa, na kila aliye barabarani anasimama pale pale alipo. Ukiwa umebeba ndoo, unasimama na ndoo yako. Ukiwa unamfukuza kuku, kuku amepata bahati. Mtaani kwetu watoto hujua kuganda kabla hawajajua shikamoo.

Basi baba, askari kijana wakati huo, mgeni kutoka Musoma, anasimulia kwamba alikuwa anatoka getini tarumbeta likalia. Mbele yake akamwona binti wa Kiluguru ameteremka mlimani na tenga la magimbi kichwani. Wakasimama wanatazamana mpaka tarumbeta likanyamaza.

"Mama yenu aliona gwanda, akaganda," husema kila penye wageni, hasa wageni wa upande wa mama.

"Nilisimama kwa ajili ya bendera," mama hujibu.

"Mbona ulikuwa unanitazama mimi?"

"Ulikuwa umeikinga."

Mama ana nyongeza yake. Anasema alipofika sokoni alikuta watu wanafunga, akageuza na magimbi yake, na alipofika nusu ya mlima jua likatoka. Jua, baada ya bendera kushushwa! Sisi watoto tulicheka tukijua mama ametia chumvi. Nami nikaja kuwa mwalimu wa historia, nikawafundisha watoto wa watu kupima ushahidi, na huu wa jikoni kwetu sikuupima hata siku moja.

Mwaka huu kambi ikaamua kuwaalika majirani, na mwenyekiti wa mtaa akaniomba niandike kurasa chache za historia ya kambi na mji, nizisome mbele ya watu. Nilikubali bila kufikiri. Kila niliyemhoji alinihakikishia kuwa bila babu yake kambi isingekuwepo. Babu wa huyu alitoa eneo, babu wa yule alichimba kisima, na babu wa mwingine ndiye aliyewafundisha askari kula kisamvu. Kwa kufuata daftari langu, jeshi lililetwa na mababu, serikali ikaja baadaye kuuliza kuna nini.

Baba hakuhitaji kuhojiwa. Alitaka kisa chake kiwe ukurasa wa kwanza.

"Hiyo ndiyo historia ya kambi na mji," alisema. "Mimi kambi, mama yako mji."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Ukiyasoma hayo," aliniambia, "napanda mlimani kwa kaka zangu, na mzee wako atajisongea ugali. Miaka yote ananifanya mtu wa kukodolea wanaume macho barabarani. Hapa nyumbani nimevumilia. Mbele ya mji mzima sivumilii."

Niliona aibu, kwa sababu miaka yote hiyo na mimi nilikuwa nacheka. Na nilijua atapanda kweli. Mama yangu akisema anaondoka, kanga zimeshakunjwa.

Nikaona afadhali niandike habari za tarumbeta lenyewe, lisilo na babu wala mke. Nikaelekezwa kwa mpigaji wa zamani, mstaafu anayelima mpunga Dakawa. Nilimkuta juu ya tuta la jaruba anafukuza ndege kwa mdomo, na pumzi bado anazo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tarumbeta? Wee! Acha nikuchekeshe."

Akaniambia alipokuwa bado anajifunza, siku moja ya masika mawingu yalishuka kutoka milimani mpaka kwenye mapaa, giza tupu, mtu hajui saa ngapi. Ilikuwa saa kumi. Yeye akapiga mazoezi, wimbo wa bendera, wote.

"Mji mzima ukajua ni jioni! Soko likafungwa. Mzee mmoja amefunga swaumu, kikombe kiko mdomoni. Mara mawingu yakapasuka, jua hilo hapo!"

Kalamu ilinigandia mkononi.

"Na askari, mzee? Nao walisimama?"

"Wasimame wana nini? Tulitangaziwa kwenye gwaride asubuhi: leo saa kumi ni mazoezi, endeleeni na kazi. Waliozubaa ni raia tu."

"Wote walitangaziwa?"

"Wote. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Nyumbani sikusema kitu. Mama nilimwambia tu avae kanga mpya aje, anitumainie. Alikuja, akakaa benchi la mbele, lakini kapu lake la safari alilipakata. Baba alikaa mwisho wa benchi hilo hilo na nishani zake, anatabasamu kabla sijafungua mdomo.

Nilisoma habari za mababu, wote, nisije nikanyimwa salamu. Kisha nikasoma habari za tarumbeta la saa kumi, watu wakacheka mpaka wenye magwanda. Nikasoma tenga la magimbi, soko lililofungwa, na jua lililotoka nusu ya mlima. Hapo mama alikuwa ameshalitua kapu kwenye benchi, kando yake.

"Askari wote walijua ni mazoezi," nikamalizia. "Hakuna aliyesimama, isipokuwa mmoja."

Hakikuhitajika kidole. Baba akainuka mwenyewe, wima kabisa, kama alivyozoea kuinuka akiitwa kwa kosa. Tabasamu lote limemwisha. Mama akageuka akamtazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Gwarideni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Na miaka yote hii ukanyamaza. Sasa siku ile ulisimama kwa amri ya nani?"

Niliona mkono wa baba unatafuta mshono wa suruali, vidole vinyooke.

"Yako," alisema.

Mama akasogeza kapu lake kuacha nafasi kwenye benchi.

"Haya, kaa."

Akakaa.