Figo Iliyozuiliwa Mlangoni

Mdogo wangu wa kike aliishi na figo yangu kwa miaka kadhaa. Daktari alituambia mapema kwamba mwili una askari, na askari hao hawajui undugu. Wakiona kitu cha mtu mwingine, wanakivamia. Kwa hiyo kila siku alimeza vidonge vya kuwalaza. Siku moja akamuuliza daktari, "Hakuna dawa ya kuwatambulisha tu, wakae kwa amani?" Daktari akasema huko nje wanaijaribu: mgonjwa anatiwa chembe hai za aliyemtolea figo, ili askari wajifunze kuiona kama yao. Kwetu haijafika.

"Itafika," alikuwa akiniambia kila tukirudi nyumbani Gongoni.

Nimonia iliwahi kabla ya dawa hiyo, ikawakuta askari wamelala. Figo ilikuwa nzima mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitia hasira.

Jeneza lilipofika mlangoni, mtani wetu Mzaramo akasimama katikati, mikono kiunoni. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, na msibani mtani hakatazwi neno.

"Halitoki! Mnazika mali ya mtu! Kaka mtu arudishiwe figo yake kwanza!"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mtani hujibiwa kwa utani. Nikaliweka jeneza sawa begani.

"Mwache aende nayo," nikasema. "Wameshazoeana."

Mtani akashusha mikono, akaja kushika jeneza upande wangu.